Fundi Aliyerefusha Mikono ya Blauzi

Nilikuwa nafuta madirisha ya kanisa kwa gazeti na siki, zamu yangu ya Jumamosi, simu ilipoita. Nikaona ni shemeji, mume wa dada yangu. Mikono ilikuwa imelowa, nikaiacha. Ikakatika, ikaita tena.

"Shemeji, uko wapi?"

"Kanisani."

"Uko na nani hapo?"

Mtu akikuuliza uko na nani, ujue hana habari ya heri. Nikasema niko peke yangu, ingawa mzee anayefagia uwanja alikuwa pale nje namwona. Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya shemeji ikisema, "Mwambie tu, baba, mwambie."

"Dada yako ametutoka," akasema. "Nimerudi kazini nimemkuta ameegemea cherehani. Nilidhani amesinzia. Nikamwekea chai pembeni."

Nilimjibu, "Haya, nakuja," kama mtu aliyeitwa kuchukua mzigo. Kisha nikamaliza dirisha. Nililifuta lote, na lile la pili nikalianza, na katikati ya la pili nikaliacha gazeti dirishani, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani kwao majirani walikuwa wamekwisha kutoa viti nje na kuwasha moto wa nyuma. Daktari alikuwa amepita, akasema ni presha. Dada alikuwa nayo miaka mingi na dawa alikuwa akizinywa anapozikumbuka. Shemeji ni mlinzi wa kiwanda. Alikuwa bado na sare yake ya kazi, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Hakunisalimia. Aliniuliza jambo moja.

"Akina mama watakuja kumwimbia?"

Nikasema, "Nitauliza."

Kwenye kanisa letu kuna umoja wa akina mama, na mimi na dada tuliingia tukiwa mabinti wadogo. Mwanachama akifariki, wenzake huvaa vitambaa vyeupe kichwani, hujipanga pande mbili za jeneza, humwimbia kutoka mlangoni kwake mpaka kaburini. Mama yetu aliimbiwa hivyo. Lakini mwanachama aliyewekwa pembeni haimbiwi, na dada yangu alikuwa ameondoka duniani akiwa amewekwa pembeni. Shemeji alilijua hilo vizuri. "Aliniambia nikimtangulia nisihangaike," akasema, "ila akinitangulia yeye, nisiruhusu aende kimya kimya. Hilo tu ndilo aliloniomba."

Tangu saa ile mpaka tulipomzika sikukaa kitako nikatulia. Nikikaa hapa nakumbuka kule, nikifika kule nasahau nilifuata nini. Labda ndiyo maana nayaandika haya, ili watoto wa ukoo wetu wajue shangazi yao alikuwa nani na aliwekwa pembeni kwa ajili gani. Huko nje yanasemwa mengi.

Alikuwa fundi wa sare za shule ya hapo mtaani, inayoanzia darasa la kwanza mpaka sekondari. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukitazama barabara, kwenye cherehani ya kukanyaga. Ya umeme alikuwa nayo pia, zawadi ya shemeji, lakini alisema ile haimsubiri mtu. Juu ya meza kulikuwa na alama ya pasi iliyoiunguza siku ya harusi yangu, na kila mteja alisimuliwa kisa chake. Aliongea huku pini ziko mdomoni, na tuliomzoea tulimwelewa. Hakujua kutulia. Hata ibadani mguu wake ulikuwa ukikanyaga, juu chini, juu chini, mpaka namshika goti, naye ananong'ona, "Niache, nashona mahubiri."

Watu walimwita Mama Pindo, kwa sababu kila sketi aliyoshona aliiachia pindo pana kama kiganja, ili mtoto akirefuka lishushwe. Wazazi walimpenda kwa hilo. Wasichana walilalamika kuwa zinalemea. Mmoja alisema ukiivaa sketi ya Mama Pindo huhitaji blanketi usiku. Dada alicheka kuliko wote. Mtoto wa kumzaa hakujaliwa, na mtaa haukuacha kumkumbusha. Jibu lake lilikuwa, "Wangu wamejaa barabarani. Ukitaka kuwajua, tazama pindo."

Mambo yalianzia kwenye futi ya kupimia. Muhula mmoja alikuja msichana mpole, wa kidato cha pili, akaomba apanuliwe kiuno. Akapanuliwa. Muhula haujaisha akarudi, kiuno kinambana tena. Dada akapima, akafumua, akashona, pini mdomoni, hakusema neno. Baada ya hapo yule msichana hakuonekana shuleni. Alipelekwa kwa shangazi yake mbali, na masomo yakaishia hapo.

Jumapili ile dada alikuja kwangu baada ya ibada. Hakukaa. Alizunguka jikoni akifunua masufuria yangu moja moja na kuyafunika.

"Nilijua kabla ya mama yake," akasema. "Futi iliniambia."

"Sasa ungesema nini? Mtoto alishabeba mimba."

"Siku ile hakukuwa na la kusema. Lakini mtu alitakiwa kuongea naye kabla hajaja kwangu. Nani huyo? Mama yake? Mwalimu? Wewe, na darasa lako la Jumapili?"

"Sisi tunawafundisha wasubiri, dada."

"Na mimi nawaambia wasubiri. Na wengi wanasubiri, Mungu awabariki. Unafikiri wanaosubiri ndio wanaokuja kupanuliwa viuno?"

Akaanza kuzungumza na wasichana wakubwa anapowapima, mlango ukiwa umesindikwa. Hakuwahoji. Alisema la kwake, kisha akawaacha waseme, maana mtu aliyeinuliwa mikono apimwe kifua hana pa kukimbilia. Aliyoyasikia yalimtisha. Kuna waliokunywa chai iliyokolezwa mpaka ikawa nyeusi, wakidhani inazuia mimba. Kuna aliyeambiwa na mvulana kwamba mara ya kwanza haishiki. Na kuna marafiki watatu waliopata paketi ya vidonge vya uzazi wa mpango vya dada wa mmoja wao, wakaigawana. Kila mmoja akaweka fungu lake kwenye mkebe wa kalamu, akawa anameza kimoja siku aliyoona ana haja nacho.

"Waligawana kwa haki kabisa," dada aliniambia. "Vilivyobaki wakavikata na wembe ili asipunjwe mtu. Watoto wazuri, wamelelewa vizuri, wanapendana. Na mmoja wao keshachelewa siku zake."

Hapo hakucheka. Mguu wake ulikuwa unakanyaga sakafu yangu tupu.

Ndipo akaenda kituo cha afya kumwona muuguzi, mama mmoja wa sauti kubwa na viatu vya bapa, aliyetengewa alasiri moja ya wiki kuwahudumia vijana. Vijana hawakuwa wanafika. Waliogopa benchi la kusubiria pale nje, kwa sababu kila anayekwenda sokoni hulipita. Dada akamwambia, "Nikikuletea, utawaeleza bila kuwagombeza?" Muuguzi akasema, "Wewe lete. Kugombeza nitamgombeza mume wangu nikirudi."

Tangu hapo msichana aliyetaka aliambiwa, "Nisindikize nikanunue vifungo." Wakapitia mlango wa nyuma wa kituo. Muuguzi alianza kwa kuwaambia wangoje, na alilisema hilo kwa heshima, dada alinihakikishia. Kisha aliwaeleza kwamba vidonge humezwa kila siku, si siku ya haja. Aliwaeleza sindano ya miezi mitatu. Aliwaeleza kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kikakaa miaka. Na aliwaambia kwamba hayo yote hayazuii magonjwa, kwa hiyo kondomu ibaki pale pale. Wengine walitoka na maelezo tu. Wengine walitoka na bandeji ndogo upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko.

Sikukubaliana naye, na nilimwambia. "Unawafungulia mlango," nikasema.

"Mlango waliufungua wenyewe, mdogo wangu. Mimi nimepita nimekuta upepo unaingia."

Mpaka leo nawafundisha mabinti wangu wa Jumapili wasubiri, na ninamaanisha. Ila nikifika kwenye wale watatu na wembe wao, hakuna somo ninalolijua la kuwapa, na sijawahi kumsikia mchungaji akiwa nalo. Huwa naomba hapo, kisha naendelea na somo.

Bandeji ndizo zilizoleta balaa. Blauzi ya shule ile ilikuwa na mikono mifupi, inaishia karibu na bega. Habari ya vijiti ilipofika sokoni, kukawa na akina mama wanaowakamata binti zao mlangoni na kuwabonyeza mikono kama wanaochagua parachichi. Basi msichana akitoka kwa muuguzi, dada alichukua blauzi yake, akafumua pindo la mkono, akalishusha lifike karibu na kiwiko. Aliliacha pana siku zote, kitambaa kilikuwepo. Alifurahi. Alidhani amemaliza.

Hakuona alichokifanya, yeye aliyeona kila kitu. Shule nzima mikono mifupi, na wasichana wachache mikono mirefu. Haikupita muda wavulana pale getini wakawa wanasoma blauzi kama wanaosoma kibao cha duka. "Mkono mrefu huyo anapita. Mkono mrefu, shikamoo." Msichana mmoja alirudi kwa dada na mkasi wake mwenyewe, akamwambia, "Mama, kata. Bora mama yangu anibonyeze kuliko hawa." Dada akakata pale pale, na aliponisimulia alikuwa akijikuna viganja.

"Nimewatundikia kengele," akasema. "Nimewavisha kengele shingoni na kuwaambia nendeni mkajifiche."

Likizo ilipofika oda za sare mpya zikaingia, kama kila mwaka. Dada akakata blauzi zote mikono mirefu. Zote. Aliyeleta ya zamani irekebishwe, akarudishiwa mikono imeshushwa. Watoto wa darasa la kwanza walishushiwa mikono. Mtoto wa mwalimu mkuu, mjukuu wa mchungaji, na binti wa Mwenyekiti wetu wa akina mama, wote. Wazazi walipouliza, aliwaambia jua ni kali mwaka huu.

Shule ilipofunguliwa wavulana getini wakakosa cha kusoma. Ingekwisha hapo, kama si Mwenyekiti. Yeye ni mwenye duka la vitambaa, na dada alikuwa mteja wake na rafiki yake wa kucheka naye. Hakuwa amesikia kwamba wote wamerefushiwa, alichokuwa amesikia ni maana ya mkono mrefu. Binti yake akatoka chumbani asubuhi na sare mpya. Mama yake akamrudisha ndani, akamvua blauzi, akambonyeza mikono yote miwili, na asipoona kitu akadhani kimefichwa penginepo. Akampeleka kituo cha afya akakaguliwe, mchana kweupe, kupitia lile benchi la nje. Yule binti hakuwa na kijiti wala mvulana. Mtaa wote ulimwona akipita analia.

Umoja ukaitwa kikaoni. Mimi nilikuwemo. Mwenyekiti alikuwa ameumia, na aliyeumia husema kwa sauti ndogo. "Tunachotaka ni kitu kimoja," akasema. "Fundi atutajie ni akina nani wenye vijiti, tuwasaidie kama wazazi. Akitaja, yamekwisha."

Dada alisimama. Hakuwa na pini mdomoni, na nafikiri alizikosa. "Blauzi nimeshona zote sawa," akasema. "Anayetaka kujua la mtoto wake, akae naye. Mimi si wa kutaja."

"Kwa hiyo unakataa."

"Nimekataa, dada yangu. Nisamehe kwa la mtoto wako, hilo linaniuma usiku na mchana. Lakini hili nimekataa."

Wakamweka pembeni mpaka atakapotaja. Hakutaja. Baadhi ya wateja walihama, wakanunua sare za madukani, zikawabana watoto kabla ya mwaka kuisha, wakarudi kimya kimya. Kanisani hakuacha kuja. Alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango, na wakati akina mama wanapoitwa mbele kuimba alibaki amekaa, anaimba palepale, mguu unakanyaga.

Basi huyo ndiye niliyekwenda kumwombea wimbo. Nilianza dukani kwa Mwenyekiti. Alikuwa anapimia mteja kitambaa cha mapazia.

"Pole, mdogo wangu," akasema bila kuinua macho.

"Asante. Nimekuja kuuliza."

"Ulichokuja kuuliza nakijua. Utaratibu hatukuutunga mimi na wewe."

"Lakini tunaweza kuuacha siku moja."

Akakata kitambaa, mkasi ukaenda kombo. Akaomba radhi kwa mteja, akakata kingine. Mteja alipoondoka akasema, "Binti yangu haongei na mimi. Ananisalimia, anapika, anafua. Nikimwuliza kitu ananijibu kama mtu wa ofisini. Unalijua hilo?"

"Silijui. Pole. Lakini hilo hakulishona dada."

Aliokota kile kitambaa kilichokatwa kombo, akakikunja. Nilidhani atanifukuza. "Mimi sitawaita akina mama," akasema. "Na sitawazuia."

Nikatoka hapo nikazunguka nyumba kwa nyumba. Jibu lilikuwa moja kila mahali. "Wengine wakienda, nami nitakwenda." Mmoja alinituma nimwulize jirani yake, na jirani yake akanituma nirudi kwa yule wa kwanza. Nikawakuta wawili wamesimama uani wanaongea, nikawauliza wote pamoja, wakatazamana, kila mmoja akimngojea mwenzake. Ningecheka siku nyingine. Nilirudi kwa shemeji nikamwambia sijui. Akasema, "Basi tutaona." Akaenda kupiga pasi shati lake, akalipiga upande mmoja mara nyingi.

Tulimzika Jumanne, baada ya saa sita mchana. Mchungaji alisoma pale mlangoni, akaomba. Wanaume wakabeba jeneza. Akina mama walikuwa wamekuja, si wote, na hakuna aliyevaa kitambaa cheupe. Walikuwa wametawanyika katikati ya majirani kama watu waliokuwa wanapita. Muuguzi alikuwepo, na wasichana wengi, wanaosoma na waliomaliza. Siwezi kusema ni nani kati yao alikwenda kununua vifungo, na sikuwatazama kwa ajili hiyo.

Tulitembea kimya kutoka mlangoni mpaka njia panda. Wimbo huanzishwa na Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa nyuma kabisa, na binti yake. Shemeji alinigeukia mara moja. Nikaanza mimi. Nilianza juu mno, sauti yangu haifiki huko, na mstari wa pili ukanishinda. Mama mmoja aliyekuwa karibu na muuguzi akaupokea, akaushusha, akaurudia tokea mwanzo. Kisha mwingine upande wa pili wa barabara. Binti wa Mwenyekiti akaja mbele, akasimama kando yangu, akaimba. Mama yake alibaki nyuma. Midomo yake ilikuwa inacheza, ila sikuweza kujua kama anaimba au anaomba.

Waliimba mpaka makaburini. Mchungaji akasema maneno ya udongo kwa udongo. Jeneza likateremshwa kwa kamba, upande wa miguu ukatangulia kidogo, wakalisawazisha. Shemeji alitupa udongo wa kwanza, mimi wa pili, majirani wakafuata. Wanaume wakafukia, wakapigapiga kwa migongo ya majembe. Tukaweka maua. Mchungaji akatubariki, tukarudi nyumbani, tukanawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni, tukala.